Sponji Isiyorudi

Kazi yangu ni kuonea magodoro. Nalaza kipande cha sponji mezani, nakishushia sahani ya chuma yenye uzito wa mtu mzima aliyeshiba, nakiacha hapo kinung'unike, kisha nainua sahani na kutazama saa. Sponji nzuri hurudi juu kabla hujameza mate. Sponji mbaya hubaki na shimo, imelegea kama mtu aliyeamshwa kwa simu. Ile isiyorudi ndani ya dakika moja naipiga alama nyekundu, inapelekwa kwenye mashine ya kuchana, inageuka makombo ya kujazia mito. Ndiyo maana kiwandani kwetu mtu akistaafu, akiachwa na mchumba au akisinzia kazini, husemwa kwamba amekwenda kwenye mito.

Diploma yangu ya ukaguzi wa viwandani haikutaja popote kwamba siku moja nitapima watu. Lakini timu yetu ya soka la ndani ilikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana na kila mtu: ilicheza kipindi cha kwanza tu. Kipindi cha pili ilikuwa inatazama mpira pamoja na mashabiki. Mwaka jana, nusu fainali, dereva wetu wa forklifti alitapika kwenye viatu vya refa. Refa alitoa kadi ya njano, na mpaka leo hatujui kosa liliandikwaje.

Meneja akaniita ofisini.

"Wewe si ndiye unayepima vitu vinavyorudi?"

"Ndiyo, bosi. Sponji."

"Wapime na hawa. Asiyerudi, mtoe."

Akanikabidhi kikapu cha mikanda ya kifua, ile inayosoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda, mama mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akanifundisha yaliyobaki. Moyo wa mchezaji, alisema, usiuangalie anapokimbia. Anapokimbia kila moyo unapiga kelele. Uangalie anapokaa. Mwenye pumzi moyo wake hushuka mapigo thelathini na ushee katika dakika ya kwanza ya kupumzika. Ukishuka chini ya ishirini, mnyime mpira kidogo. Ukishuka chini ya kumi na mbili, avue viatu aje kwake, na asije akikimbia.

Nikafurahi sana. Ilikuwa kazi yangu ileile, ila sasa sponji inajibu.

Na katika soka la ndani kazi hiyo ina nafasi yake. Uwanja ni mdogo, mbio ni za kukatakata, na watu wanatoka na kuingia mara nyingi wapendavyo. Wa akiba huvaa kizibao cha njano. Akitaka kuingia, anakivua na kumpa anayetoka. Mwenye kizibao hagusi mpira, hiyo ni sheria. Mimi nakaa kwenye benchi na simu yangu, nani arudi, nani angoje. Wachezaji walinichukia kwa siku mbili tu. Siku ya tatu wakaanza kushindana nani moyo wake unashuka zaidi, maana wanaume ukiwapa namba yoyote wataipigania, hata kama ni namba ya kitanda cha wodi.

Shida ilikuwa mjomba.

Mjomba ni mdogo wa mwisho wa mama yangu, miaka arobaini na tisa, mkuu wa idara ya ushonaji, mshambuliaji, nahodha, na kwa kuwa hatuna kocha, ndiye pia anayepanga timu. Kiwanda kizima kinamwita Nahodha, hata mkewe. Amekuwa nahodha miaka kumi na mitano na hajawahi kugusa kombe la viwanda. Kila mwaka kombe linakwenda kiwanda cha rangi, na kila mwaka watu wa rangi wanatupigia kelele tukitoka ukumbini: "Magodoro, mmelala salama?"

Ni yeye aliyeniingiza kazini. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya godoro lililopasuka, akanipa sindano iliyopinda kama ndoana na uzi wa nailoni, akanifundisha mshono wake: ndani, nje, rudi nusu, vuta, fundo mara mbili na jingine la kukomoa.

"Mshono huu, mpwa wangu," alisema, "haufunguki kwa maombi. Ni mkasi tu."

Basi, robo fainali. Kama nahodha, mjomba ndiye aliyegawa mikanda. Kila mkanda ulikuwa umeshonewa kitambaa chenye namba: moja kwa kipa, kumi kwake, na wengine kadhalika. Kipindi cha kwanza kikaisha, wakaja benchi wakihema, na safari hii nikawakalisha wote, hata kipa, nikaanza kuhesabu dakika.

Namba kumi: mia na kumi na nane, dakika moja baadaye sabini na tisa. Nikasoma mara mbili. Mtu wa miaka arobaini na tisa, ametoka kupiga mbio kama mwizi wa kuku, moyo umetulia kama wa mtoto anayenyonya.

Namba moja: mia sabini na mbili. Dakika moja baadaye, mia sitini na tano.

Namba moja ni Komeo, mtunza stoo. Tunamwita hivyo kwa heshima, si kwa ushahidi.

"Komeo," nikamwuliza, "ulikimbia?"

"Nikimbilie wapi, dada? Goli si liko palepale."

"Unajisikiaje?"

"Nilikuwa vizuri mpaka ulipouliza."

Nikamwonyesha muuguzi simu. Akaitazama, akamtazama Komeo, akamwambia kwa upole ambao hatukuwahi kumsikia nao: "Kaa chini, baba. Usiinamie hata viatu. Mwenzako akufungulie."

Upole ule ndio uliommaliza. Komeo akatolewa, mfungashaji wetu tunayemwita Nailoni akaingia golini, tukashinda. Meneja akamkumbatia mjomba, akasema anataka picha yake kwenye bango la magodoro mapya, na chini yake maandishi: Moyo Uliotulia. Mjomba akatabasamu, huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

Wiki iliyofuata Komeo alikufa kila siku kidogo. Muuguzi alimpa barua ya kwenda hospitali kubwa. Hospitali kubwa ikampangia tarehe ya mbali. Akaacha sigara. Akaacha chumvi. Akarudisha ngazi aliyoazima kwa jirani kabla jirani hajaoa, na sasa jirani ana watoto watatu. Akaenda kwa mama mkwe wake, akapiga magoti sebuleni na kuomba radhi kwa jambo ambalo mama mkwe hakuwa na habari nalo, na sasa anazo. Stoo, ukiomba uzi boksi moja anakupa mawili, anakwambia, "Chukua, dada. Nani ajuaye." Nilimhurumia kwa dhati. Mjomba, nilipomtajia habari zake, aligeuza uso akadai kuna vumbi.

Nusu fainali ikafika. Nailoni golini, na kwa kuwa mkanda wa kipa ni namba moja, akavaa huo. Nailoni ana miaka ishirini na mbili. Anabeba godoro la futi sita kwa kila bega na bado anapata nafasi ya kupiga mluzi.

Mapumziko. Namba moja: mia sabini na nne. Dakika moja: mia sitini na nane.

Benchi zima likageuka kutazama goli.

"Goli lile lina nuksi," akasema dereva wa forklifti. "Mimi silisogelei."

"Pengine ni nyavu," akasema mjomba haraka. "Zina rangi ya zamani. Mtu akivuta harufu yake muda mrefu…" Hakumalizia.

Kanuni ni kanuni. Nikamtoa Nailoni, nikamkalisha karibu yangu na mkanda wake kifuani ili nimwone anavyoshuka. Dereva wa forklifti akasukumwa golini huku akilalamika. Kipindi cha pili kikaanza.

Nailoni akapiga miayo. Akanyoosha miguu. Akaniuliza kama nina pipi. Nikatazama simu: namba moja, mia na sitini na inapanda.

"Nailoni, una hofu?"

"Ya nini?"

"Shika mkono wangu. Hapana, nipe wako." Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo chake na kuhesabu. Sabini na nne. Nikatazama simu. Namba moja, mia sabini na tisa. Namba kumi, sabini na nne.

Nikainua macho. Ubavuni mwa uwanja mjomba alikuwa anaufukuza mpira, mdomo wazi, shingo imetoka mishipa. Akaufikia, akamzunguka beki, akafunga. Mashabiki wakaruka. Namba moja ikaruka pamoja nao: mia themanini na nne. Nailoni, mwenye namba moja kifuani, alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu.

Mchezo ulipokwisha tumeshinda tena, nikakusanya mikanda na kuingia nayo chooni. Nikavigeuza vile vitambaa vya namba. Mikanda mingine yote ilishonwa kwa mashine. Namba moja na namba kumi zilikuwa zimefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, uzi wa nailoni, rudi nusu, fundo mara mbili na jingine la kukomoa.

Jumatatu asubuhi nikaenda idara ya ushonaji. Mjomba alikuwa peke yake, ameinamia ukingo wa godoro. Nikaweka mikanda miwili mbele yake. Hakuishika.

"Mshono wa nani huu, mjomba?"

"Mzuri," akasema. "Ni wa mtu anayejua kazi."

"Mjomba."

Akachomeka sindano kwenye godoro, akakaa juu yake. Sikuwahi kumwona akikalia kazi ya mteja.

"Siku mikanda ilipoletwa niliijaribu nyumbani," akasema. "Nilipanda ngazi za ghorofa mbili nikakaa. Ikagoma kushuka. Nikajua nikikupa namba ile, umeshanipeleka kwenye mito."

"Ukampa Komeo."

"Nilidhani kipa hapimwi. Kipa hakimbii, apimwe kwa lipi? Nikasema namba zangu zitakaa pale kimya, hakuna atakayezitazama, na mimi nitembee na za kwake. Hesabu ilikuwa safi kabisa."

"Komeo amempigia magoti mama mkwe wake."

Akafuta uso kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona ni yote mawili.

"Nipe Jumamosi," akasema. "Fainali moja. Dakika arobaini, na hata hizo sizichezi zote. Miaka kumi na mitano, mpwa wangu. Baada ya hapo nipasue, nijaze mito."

"Na moyo ukisimama dakika ya thelathini na tisa?"

"Tutakuwa tunaongoza."

Nataka kusema nilikasirika. Nilikasirika, lakini nilimwona pia alivyonibeba mabegani uani kwetu nikiwa na miaka minne, na nikawaza kwamba alikuwa hashuki ngazi kwa kushika ukuta siku zile. Nikamwambia: mpaka Ijumaa awe ameonana na muuguzi. Muuguzi akisema cheza, atacheza. Akikataa, atakaa. Akaapa. Akaniongezea na kiapo cha pili ambacho sikumwomba.

Mchana huo nikamwambia Komeo kwamba mikanda ilichanganyika, kwamba moyo wake hauna neno, hauna hata kakitu. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Sina ugonjwa?"

"Huna."

"Mama mkwe hanisemeshi, dada. Nirudishie kwanza yale niliyosema."

Ijumaa nilimkuta mjomba getini. "Nimeonana naye," akasema. "Amesema moyo wangu ni wa farasi." Muuguzi siku hiyo alikuwa kwenye semina mjini, sikuweza kumwuliza. Nikajilazimisha kuamini. Usingizi wenyewe haukuamini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa rangi walikuja na mito kutoka majumbani mwao, wakaikalia, kutukejeli. Safari hii mikanda niliigawa mimi. Mjomba akaingia, akatoka, akaingia. Nilikuwa namtoa kila baada ya dakika mbili, na kila mara alikuwa anarudi kabla dakika yangu haijatimia, anamnyang'anya mtu nafasi kwa kuwa ndiye nahodha. Muuguzi alichelewa, akafika dakika chache kabla ya mapumziko, akaketi karibu yangu na mkoba wake. Mbili kwa mbili.

"Ahsante kwa kumpima Nahodha," nikamwambia.

"Nani? Huyu?" Akanitazama. "Mara ya mwisho kuja kwangu aliomba plasta. Ni miaka mitatu."

Filimbi ya mapumziko ikalia. Mjomba akaja, akajibwaga sakafuni, mgongo kwenye benchi, taulo bichi kichwani mpaka kidevuni, kama afanyavyo siku zote. Mtu akamtupia kizibao, akakivaa bila kutazama. Nikahesabu dakika. Mia sabini na nane. Mia sabini na mbili.

Sita. Sponji yenye sita hatuipeleki hata kwenye mito ya wageni.

"Mjomba," nikasema, "umekwenda kwenye mito."

"Nitaanza kipindi cha pili," akasema ndani ya taulo.

"Hujaonana na muuguzi."

"Nitaonana naye Jumatatu. Kwani anahama?"

"Mjomba, ni sita."

"Anayepanga timu ni mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Meneja angeweza kumkataza, lakini meneja alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amesimama juu ya kiti, anaongoza wimbo kuhusu namba kumi. Muuguzi akachukua mkono wa mjomba, akaweka vidole, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Alinitupia jicho. Kisha akatazama mkoba wangu, ambamo huwa hamkosi sindano iliyopinda na uzi wa nailoni, maana mtu wa magodoro huwezi jua.

Nikapita nyuma ya benchi. Nikapiga magoti.

Ndani, nje, rudi nusu, vuta. Kizibao kwenye jezi, jezi kwenye kaptura, kutoka ubavu wa kushoto mpaka wa kulia. Mbele yangu muuguzi alikuwa amefika mia na arobaini na anaanza upya. Komeo, aliyekuwa anakunywa maji, akaniona. Akayatazama yale mafundo. Nilimwona anayafahamu, yalikuwa yaleyale ya kitambaa cha mkanda aliouvaa, na mtunza stoo anaujua uzi wake na anamjua anayeuchukua. Akageuka akamtazama mjomba muda mrefu, kisha akahama na chupa yake na kusimama upande ule ambao watu wangeweza kuona ninachofanya, akanikinga kwa mgongo wake mpana usio na ugonjwa wowote.

Fundo mara mbili. Na jingine la kukomoa.

Refa akaita. Mjomba akasimama, akatupa taulo, akashika kizibao kwa chini akivute juu kichwani. Kikaja na jezi. Jezi ikaja na kaptura. Akaiachia upesi. Akajaribu kwa kushoto. Akajaribu kwa kujikunja. Watu wa rangi wakaanza kupiga makofi ya kumpa mapigo.

"Namba kumi," akasema refa, "vua kizibao au kaa."

"Kimenasa."

"Basi kaa kimenasa."

Mjomba akapapasa mgongoni kwa vidole, kutoka ubavu hadi ubavu, kama kipofu anayesoma. Nikaona vidole vikifika kwenye fundo vikisimama. Hakuniuliza. Akamgeukia muuguzi.

"Mkasi unao kwenye mkoba."

"Ninao," akasema muuguzi. "Ni wa wagonjwa. Wewe si mgonjwa, wewe ni farasi."

Akakaa. Kipindi kizima alikaa, amevaa njano, anapaza sauti mpaka ikakatika. Dereva wa forklifti alifunga moja na hakutapika popote. Nne kwa nne mpaka dakika ya mwisho, halafu mshambuliaji wao akapiga shuti la mbali, la kawaida, la kudakwa na mama yangu, na Komeo, aliyekuwa amerudi golini, alikuwa ameweka vidole viwili shingoni anajihesabu. Tano kwa nne. Watu wa rangi wakaturushia mito.

Wiki nzima hakuna aliyenisalimu kiwandani isipokuwa Nailoni, ambaye hasikilizi mambo. Mtu aliandika kwa kalamu yangu nyekundu kwenye meza yangu: Mpinzani. Meneja alisema bango litasubiri. Mama alinipigia simu, akaniambia mkaza mjomba amempigia akilia, akasema, "Umemshona mdogo wangu mbele za watu," kisha akashusha sauti, akasema, "Mshone na mdomo."

Jumatatu baada ya fainali muuguzi alimpeleka mjomba hospitali kubwa mwenyewe, kwa gari la kiwanda, amemshika kiwiko. Tarehe waliyompangia Komeo ndiyo waliyoitumia, ilikuwa imefika. Alilazwa siku tisa. Daktari alikuta mshipa mmoja wa moyo umeziba, imebaki nafasi ya uzi tu kupita, akauzibua, akampa vidonge na orodha ya mambo asiyoruhusiwa, na mpira ulikuwa juu kabisa ya orodha, umepigiwa mstari.

Nilikwenda kumwona siku ya nane. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, amemgeuzia mgongo mgonjwa wa jirani aliyekuwa shabiki wa rangi. Kwenye mapaja yake alikuwa ameitandaza ile jezi, bado imeshikamana na kizibao na kaptura. Nyumbani walilazimika kuikata ubavuni ili kumvua. Mshono wenyewe hawakuuweza.

Nikamwamkia. Nikakaa, nikamenya chungwa, nikalimaliza peke yangu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye nailoni, pole pole, pindo hadi pindo, miwani imeshuka puani.

"Hapa," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa bado haijarudi yote. "Wa tatu kutoka kushoto. Uliuvuta kabla hujarudi nusu."

"Nilikuwa na haraka, mjomba."

"Ungefunguka huu," akasema. "Ningekazana kidogo, ungefunguka." Akaukunja ule mzigo wa nguo, akauweka chini ya mto wake. "Lete sindano kesho nikuonyeshe tena."